Msiba wa Mguu wa Kushoto

Ugonjwa wa mume wangu waliugundua sisimizi kabla ya mtu yeyote. Nyuma ya choo chetu kuna ua wa mnyaa, na wanaume wa nyumba hii wakiona uvivu kufungua mlango wa choo husimama pale kumaliza haja ndogo. Nimewakataza tangu ujana wangu, wamenizoea. Mwaka ule nikaona sisimizi wamepanga foleni kuelekea kwenye mnyaa kama watu wanaokwenda kugawiwa mbegu za bure. Nikaifuata foleni mpaka mwisho wake. Nikarudi uani nikamwambia, "Mzee, mkojo wako una wageni."

Akasema nimheshimu.

Heshima ninayo, lakini macho pia ninayo. Alikuwa anakunywa maji kata juu ya kata, mtungi unabaki unalia. Hajakaa vizuri, ameshatoka tena nje. Anamaliza sinia la bada, ugali wetu wa muhogo, peke yake, huku suruali anaifunga kwa kamba ya katani isimshuke. Ndugu zake wakakaa kikao wakasema amerogwa, wakamtaja jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe nusu yake nilikuwa namchotea maji mwalimu, lakini hilo lilinishinda kumeza. Nikawaambia, "Mchawi gani anahimiza watu wanywe maji? Huyo si mchawi, huyo bwana afya."

Nikamburuta kituo cha afya. Muuguzi akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kijimashine, akasubiri kidogo, akatikisa kichwa. Sukari imepanda.

"Sukari gani?" mume wangu akauliza. "Sukari ya nyumba yangu mke wangu anaificha kwenye sanduku la nguo."

Yule muuguzi alieleza vizuri, nampa haki yake. Alisema bada, wali, ugali, vyote vikifika tumboni vinageuka sukari, na kazi ya sukari ni kuingia mwilini iwe nguvu. Sasa mwili wa huyu mzee umepoteza ufunguo. Sukari inazagaa kwenye damu, nyama zinabaki na njaa. Ndiyo maana anakula anakonda, na mwili unavuta maji ili uimwage ile sukari kwenye mkojo. Nikaelewa papo hapo. Ghala limejaa, ufunguo umepotea, watoto wanalala njaa mlangoni. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze bada nusu, aongeze mboga, na aje kliniki kila mwezi, siku ya Alhamisi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ujinga ulipoingia, na ulivaa kanzu.

Mume wangu hakuwahi kuwa mfungaji hodari. Ramadhani anafunga, sikatai, ila kwa kununa. Alipoambiwa kliniki ni Alhamisi, akakumbuka kwamba Alhamisi ni siku ya swaumu ya sunna. Ghafla akawa mcha Mungu. Mwezi ukikaribia kuisha, kuanzia Jumanne anakula mboga ya mchunga tupu na maji ya mlonge, anameza vidonge vyake kama mtoto mtiifu, Alhamisi anaamka amefunga. Anafika kliniki midomo imekauka. Kidole kinatobolewa, sukari nzuri. Muuguzi anamsimamisha mbele ya wenzake: "Jamani wazee, mwigeni babu huyu." Akapewa kukaa benchi la mbele.

Akirudi, magharibi anafuturu. Tende, uji wenye sukari, kalimati, viazi vitamu vya nazi. Vidonge vinarudi kwenye kopo mpaka mwezi mwingine, maana kwa akili yake mtu aliyepimwa akaonekana mzima hana sababu ya kumeza dawa.

Nikamwambia, "Unamdanganya nani? Anayeumwa si muuguzi."

"Mungu anaijua nia yangu."

"Hilo ndilo ungeliogopa."

Wala hakuwa peke yake. Benchi lile la mbele lote lilikuwa hivyo. Ukipita vitongojini kwetu siku mbili kabla ya kliniki, wazee wote wanatafuna mchunga kama mbuzi, ungedhani Ramadhani imekuja bila kupiga hodi.

Sukari haina haraka. Ilimwacha ajisifu. Kwanza akaanza kusema miguu yake imevaa soksi ambazo hakuzinunua. Kisha ikawa inamchoma kama upupu, kisha ikanyamaza kabisa, naye akafurahi kwamba imepona.

Siku moja akarudi kutoka shambani. Nilikuwa nimedeki, nikamwambia avue kandambili ndiyo aingie. Ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikakataa. Nikainama kuivuta, mguu ukaja na kandambili yake. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepita kwenye mpira ukaingia kwenye unyayo, umevishona pamoja kama kitabu na jalada lake. Alikuwa ametembea hivyo njia nzima, anasalimia watu, anaulizia habari za mahindi yao.

"Hukusikia?" nikamuuliza.

"Kusikia nini?"

Mimi si mwoga. Nimeshaua swila ndani ya banda la kuku kwa mchi. Lakini "kusikia nini" ile niliiogopa.

Nikasema twende Korogwe, hospitali. Akakataa. Kitongoji cha pili kulikuwa na mtu aliyekwenda Korogwe na kidonda akarudi na magongo. Habari hiyo kila mwanamume wa huku anaijua. Kwamba mtu yule alikwenda mguu ukiwa umeshakuwa mweusi mpaka kwenye muundi, hiyo nusu ya habari hakuna anayeisimulia. "Watanikata," akasema. "Nitasujudu vipi mimi, kama stuli iliyovunjika?"

Akaanza kujitibu. Alinunua vile vidonge vya rangi mbili, akavifungua, akanyunyizia unga wake kwenye kidonda kama mtu anayetia chumvi kwenye yai. Kisha akaenda mnadani kwa yule mwenye kipaza sauti, anayeuza chupa moja inayotibu presha, sukari, bawasiri, na mke aliyekimbia. Akaipaka. Mke hakukimbia, kidonda hakikupona. Mwishowe akavaa soksi, akakataa kuzivua mbele yangu. Akawa anafukiza ubani chumbani asubuhi na jioni. Nyumba ilinukia kama maulidi, lakini chini ya ubani kulikuwa na kitu kingine, na nzi walikijua.

Kliniki alikwenda na soksi zake. Kidole cha mkono kilitobolewa, sukari nzuri, hongera babu.

Nikawaita wanangu. Wakaja, wakaamkia, wakakaa ukingoni mwa mkeka, wakazungumza na baba yao habari za mvua mchana kutwa. Wakaondoka. Mtoto hamwambii baba yake kwamba ananuka. Imamu akaja akamsomea dua, akaifupisha, akaaga. Mimi nilisema mpaka sauti ikakauka, lakini mimi ni mke, na maneno ya mke kwa mume huyu ni kama kuku kulia uani: anayasikia, hayamtoi kitini.

Ndipo nikampigia simu mtani wake, mama mmoja wa Korogwe.

Baba yake huyu mama alikuwa Mnyamwezi, aliletwa Korogwe kukata mkonge akazeekea huko huko. Mume wangu Mzigua. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo mke hana, mtoto hana, imamu hana. Anakutukana mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Huyu wetu anakaanga samaki karibu na stendi, na ulimi wake una moto kuliko karai lake.

"Mtani wako ananuka," nikamwambia.

"Amekufa?"

"Bado. Sehemu tu."

"Sehemu gani?"

"Mguu wa kushoto."

"Basi nakuja msibani," akasema, akakata simu. Mimi nikadhani ni maneno tu.

Alasiri nikasikia kilio kutoka njia panda. "Uwiii! Uwiii jamani! Mtani wangu mie!" Anakuja amejifunga kanga kiunoni, nyingine kichwani, amejipaka jivu usoni, anapiga mapaja. Kwetu kilio cha namna ile hakisubiri maelezo. Jirani wa kwanza akatokea na unga kwenye ungo. Wa pili akaja na sufuria kubwa. Vijana wawili wakaleta kuni begani. Mwenyekiti wa kitongoji akafika anahema, akaniuliza kwa sauti ya upole mazishi ni leo au kesho.

"Nani kafa?" mume wangu akaita kutoka ndani.

"Wewe, mzee," mwenyekiti akajibu, kisha akashtuka. "Shikamoo mzee. Tumeambiwa ni wewe."

Mume wangu akatokea mlangoni ameshika mwimo, soksi zake miguuni. "Mimi mzima! Nani huyo ananililia?"

"Kwani nani anakulilia wewe?" mtani akasema, ameshajitupa mkekani. "Mtumwa wangu wewe, machozi yangu nayapata kwa shida, nikumwagie wewe? Namlilia marehemu mguu. Alikuwa mtu mzuri mguu huu! Mpole! Hajawahi kumsema mtu. Tatizo lake moja, alipangishwa kwenye nyumba ya mjinga! Uwiii!"

Yule wa ungo akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Mume wangu akauma meno. Mtani akainuka, akaiona ile kandambili ya kushoto ukutani, ina tobo la mwiba, akaichukua akaitia kwapani. "Urithi wangu huu. Marehemu haihitaji tena." Kisha akatoa uzi wa katani, akaanza kumpima kuanzia gotini kwenda chini, kama wanavyopima maiti. "Sanda fupi tu. Na nyie wachimbaji msijichoshe, kaburi hili hata jembe la mtoto linatosha."

"Mtani, acha."

"Siachi. Nimetoka Korogwe kuja kumuaga marehemu. Nani anazikwa bila watu kumuaga? Mvueni soksi."

Hapo ndipo alipombana. Watu wamejaa uani, unga umeshaletwa, kuni zimeshatuliwa. Akimkatalia mtani mbele yao, hadithi itatangulia kufika Mombo kabla ya mabasi. Akakaa kwenye kigoda, akageuza uso pembeni, akanyoosha mguu.

Mtani akaivuta ile soksi taratibu, maana ilikuwa imeganda.

Kidole cha pembeni kilikuwa cheusi kama mhogo uliooza. Chini ya unyayo kulikuwa na shimo ambalo punje ya hindi ingezama isionekane, na wekundu ulikuwa umeshaanza kupanda kwenye kisigino. Ubani wote wa duniani usingeificha ile harufu. Mwenyekiti akarudi nyuma hatua.

Mtani hakurudi nyuma. Alikaa na mguu ule mapajani mwake, jivu limemchirizika usoni, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa najua kama anayo, "Baba yangu alikatwa mkono na mashine ya mkonge. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Wewe unaulizwa."

Mume wangu akatazama chini.

"Na nisipokwenda utanifanya nini?"

"Nitakaa kwenye mkeka huu mpaka arobaini," sauti yake ikarudi palepale, "nakula bada lako, nalia."

Mume wangu akatutazama mmoja mmoja. Akaitazama sufuria ya jirani. "Mwiteni mwenye gari," akasema. Ule unga ulioletwa watu waliupika wakaula, usidhani msiba uliharibika.

Tukaingia Korogwe na gari lililopakia machungwa. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mjukuu wangu, akamwamkia kwa adabu kisha akamwambia afumbe macho. Akatoa kijiuzi kigumu kama mshipi wa kuvulia, akawa anamgusa gusa nyayo kwa ncha yake. "Ukisikia, sema."

"Nasikia," mume wangu akasema.

"Sawa babu. Na hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia sana."

Yule binti alikuwa ameshaweka mikono yake yote miwili kwenye mifuko ya koti. Nilicheka, siwezi kusema uongo. Akaniangalia, nikamwangalia.

Akaeleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anakanyaga moto, msumari, mwiba, hana habari. Kidonda kinaanza bila maumivu, na kwa vile hakiumi mtu anakidharau. Kisha sukari hiyo hiyo inakilisha kidonda. Lakini kuna jambo lilimtatiza. Kadi ya kliniki ilionyesha mgonjwa mzuri kuliko wote wa wilaya. Akachukua damu mkononi, akaipeleka maabara kwa kipimo kingine. Majibu yalipokuja akavuta kiti.

"Babu, kile cha kutoboa kidole kinasema sukari ya saa ile tu. Hiki kinasema miezi mitatu iliyopita, kwa sababu sukari inang'ang'ania kwenye chembe za damu na haitoki mpaka chembe zenyewe zife. Kadi yako inasema wewe ni malaika. Damu yako inasema vingine."

Mume wangu akanigeukia kwa macho makali.

"Usiniangalie mimi," nikasema. "Sikupeleka neno. Damu ni yako."

Basi ikamtoka yote. Jumanne, mchunga, mlonge, swaumu, kalimati. Akasema na benchi la mbele lote wanafanya hivyo. Yule binti akajiziba mdomo kwa faili, mabega yakatikisika, kisha akawa daktari tena. Akaminya juu ya mguu kwa vidole vyake, akatafuta, akatafuta.

"Mapigo yapo," akasema. "Mguu una damu. Kidole hakina. Kidole kitatoka, mguu tutaupigania. Mngechelewa kidogo tungezungumza mengine."

"Na kusujudu?"

"Utasujudu, babu."

Akainamisha uso. Nilimpa pembe ya kanga yangu afute pua, nikatazama dirishani mpaka amalize.

Kidole kikatolewa. Wakakwangua nyama iliyooza, wakamtundikia dawa za mshipa, wakamwanzishia sindano za ule ufunguo uliopotea, wakanifundisha kumchoma tumboni, kazi ambayo niliifurahia kuliko nilivyotakiwa. Mtani alikuja wodini na uji usio na sukari. "Mimi niliitwa kwenye msiba wa mguu," akawalalamikia wauguzi, "mnanizikia kidole? Nimepunjwa!" Wodi nzima ikacheka, na mwenye kidole pia, mara ya kwanza tangu siku ya mwiba.

Siku ya kuondoka tulipita duka la viatu la familia ya Kihindi, maana daktari alipiga marufuku kandambili. Yule mama wa dukani, mzee kama mimi, aliingiza mkono wake ndani ya kila kiatu na kupapasa. "Hiki hapana, kina mshono. Utamtoboa bila kujua." Mume wake naye ana sukari. Hatukuwa na haja ya kuelezana zaidi.

Kabla ya Alhamisi ya kwanza ya kliniki nilimsimamia wiki nzima nikahakikisha amekula kama anavyokula, vidonge amemeza, sindano amechomwa. Alikwenda bila swaumu ya ujanja. Kidole kikatobolewa, sukari ikawa mbaya. Muuguzi akamkemea mbele ya watu: "Babu, wewe tuliyekuwa tunakutolea mfano?" Akaongezewa dozi. Nilikaa pale nikasikiliza kila neno, na nafsi yangu ilitulia, maana kwa mara ya kwanza dawa ilikuwa inapewa ugonjwa wenyewe, si mgeni wake wa Alhamisi.

Wenzake wa benchi la mbele walimtazama kwa huruma, wametulia na midomo yao mikavu. Yeye hakuwahubiria. Alivua kiatu, akavua soksi, akaweka mguu juu ya benchi katikati yao. Kisha mzee mmoja akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu chake.

Sasa kila siku baada ya swala ya alasiri natandika mkeka uani, palepale pa msiba. Analala chali kama kondoo wa kuchinjwa. Navaa miwani.

"Haya, mlete marehemu," nawaambia yeye na mguu wake.

Anaunyanyua. Napapasa kisigino, natazama kati ya vidole, natafuta wekundu, mchubuko, joto.

"Kuna nini?"

"Vidole vinne. Tulia, nahesabu tena."